Aliyesimama Nyuma ya Karavani

Jumamosi ile, saa nne kasorobo asubuhi, Mchungaji Boe alipogonga mlango wa jikoni, Ardith Tollefsrud alikuwa na unga hadi viwikoni. Alikuwa akisukuma chapati za viazi za kupeleka kanisani kesho yake. Huku kwetu Torvik mlango wa mbele ni wa wauza bima tu, kwa hiyo hakugeuka. Alisema karibu, kahawa ipo, jimiminie. Hakusikia kikombe. Alipogeuka alimwona mchungaji bado yuko kizingitini, kofia ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

“Ardith, kaa kwanza,” mchungaji akasema.

Hakukaa. Basi akaambiwa akiwa amesimama. Verlyn, mume wake wa miaka thelathini na tisa, amefariki. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyemkuta, uwanjani nje ya kanisa, amekaa ndani ya pikapu yake na injini inanguruma. Daktari alikuwa amekwisha kufika. Ulikuwa moyo, na ulisimama mara moja.

Ardith alisema hapana, Verlyn yuko shambani kwa Orrin. Orrin alikuwa mdogo wake Verlyn, na kila Jumamosi tangu mwisho wa Julai Verlyn aliaga kwamba anakwenda kumsaidia kutengeneza paa la banda. Mchungaji akatikisa kichwa polepole. Akaeleza kwamba pikapu ilikuwa imefungiwa nyuma karavani, ile nyumba yao ya magurudumu, na kwamba pale uwanjani marehemu alikuwa amepanga ndoo nane, safu mbili, nne huku na nne kule. Ilionekana alikuwa akijifunza kurudi rivasi.

Hapo ndipo Ardith alipotamka neno ambalo hataacha kulikumbuka maisha yake yote. Hakuuliza kama mumewe aliumia. Hakuuliza kama alikuwa peke yake. Aliuliza, “Amegonga kitu?”

Mchungaji alimtazama kidogo, kisha akajibu kwa upole kwamba ndoo mbili zimelaliwa na gurudumu, basi. Ardith akaona uso unamwaka moto, na haukuwa moto wa jiko. Wenzake wakipata msiba hulia. Yeye machozi yalichelewa, iliyotangulia ilikuwa aibu. Kwa maana alijua kwa nini mtu mzima wa miaka sitini na minne, mhudumu wa ibada katika kanisa lilelile, alikuwa akijificha kufanya mazoezi kati ya ndoo.

Verlyn alizaliwa shambani, maili sita kutoka mjini, na alifanya kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika kwa miaka arobaini na moja. Kazi yake ilikuwa mizani. Lori la mahindi au soya linaingia mlango wa mashariki, linapimwa, linamwaga mzigo, linatoka mlango wa magharibi. Alikuwa akiwaongoza madereva kwa kidole kimoja tu, na wakulima walisema kidole cha Verlyn kina akili kuliko vichwa vya watu wengi. Hakuwa msemaji. Ukimwuliza hali ya hewa atatazama nje kwanza, akuambie, “Ipo.” Kanisani aliimba sauti ya nne, na ndiye aliyefungua madirisha kiangazi na kuyafunga majira ya baridi bila kuombwa na mtu.

Lakini ghala lile lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Hakuna anayerudi nyuma. Shambani kwao nako mabehewa ya nafaka yalivutwa mbele tu, yakizungushwa uwanja mzima hadi yakae pazuri. Ndivyo ilivyotokea kwamba mtu aliyeishi maisha yake yote katikati ya matela hakuwahi hata siku moja kulirudisha tela nyuma. Watu hawakulijua hilo. Nadhani hata yeye hakulijua hadi aliponunua karavani.

Wazo la karavani lilikuwa la wote wawili. Verlyn angestaafu mwezi Machi wa mwaka utakaofuata. Ardith, ambaye alipika katika jiko la shule miaka ishirini na sita na mgongo wake unaijua kila sufuria ya pale, angeacha kazi Mei yake. Binti yao Renae aliishi Arizona na alikuwa akiwaita kila baridi inapoanza. Ndege Verlyn hakuitaka. Alisema mtu akitaka kuona nchi aione kwa urefu wake. Mwezi Mei, mwaka mzima kabla ya hapo, wakapata karavani kuukuu kwa mzee mmoja wa wilaya ya pili, aliyekuwa amechoka kukata majani kuizunguka. Ilikuwa nyeupe yenye mistari ya kahawia. Ndani yake kulikuwa na kitanda, jiko la gesi, choo kisichomtosha mtu mnene, na meza inayokunjwa ikawa kitanda cha pili. Ilinuka dawa ya nondo.

Walikuwa na furaha ya watoto, na Ardith alikiri hivyo baadaye, kwamba miezi miwili ile ilikuwa kama uchumba umeanza upya. Verlyn aliusoma ule mwongozo wa karavani kila jioni mezani, rula chini ya mstari, midomo ikicheza, kama anavyosoma kijana anayejiandaa kwa kipaimara. Alijifunza bomba lipi ni la maji safi na lipi ni la majitaka, na kwa nini mtu hapaswi kuyakosea. Kujua kama karavani imekaa sawa aliweka yai sakafuni akatazama linakobingirikia. Mwishoni mwa Mei walilala humo siku tatu uani, kuijaribu, na mvua ikawalowesha kwa sababu alisahau kufunga kidirisha cha darini. Asubuhi jirani alipita akauliza kama Tollefsrud amefukuzwa nyumbani. Verlyn akamjibu, “Amenifukuza, halafu akanifuata.”

Ishara za mkono walizipanga mezani, kwa kiberiti na kichupa cha chumvi. Kiberiti kilikuwa pikapu, chumvi ilikuwa karavani, na Ardith alikuwa amesimama nyuma. Kanuni ilikuwa moja. Verlyn akimwona kwenye kioo cha pembeni anapunga mkono kumwita, atakuja. Mkono ukisimama, naye atasimama. “Macho yangu huko nyuma ni wewe,” alimwambia. “Sina mengine.”

Katikati ya Julai wakaenda ziwani, safari yao ya kwanza, mwendo wa saa mbili. Walifika alasiri ya Ijumaa, na kambi ilikuwa imejaa. Mtu ambaye hajawahi kufika kwenye kambi hizi hajui adhabu ya mgeni. Wenyeji wamekwisha kutulia, viti vya kukunja vimepangwa mbele ya kila karavani, kila mtu na kinywaji chake, na hakuna cha kutazama isipokuwa ziwa, ambalo wameshalitazama tangu asubuhi. Ikiingia pikapu ngeni, viti vyote vinageuka. Hakuna anayecheka wazi. Wanatazama tu, kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nafasi yao ilikuwa nyembamba, kati ya miti miwili ya mwaloni, na nyuma yake kulikuwa na bomba la maji la chuma lililosimama kutoka ardhini. Verlyn alijaribu mara ya kwanza karavani ikaenda kulia. Akasogea mbele, akajaribu tena, ikaenda kushoto. Mara ya tatu ikaanza kuingia vizuri. Ardith alikuwa amesimama nyuma, upande wa dereva, mkono juu, anapunga: njoo, njoo, njoo.

Mama mmoja kwenye kiti cha jirani, hatua tatu kutoka alipo, akamwuliza nyie ni wa wapi. Na huku kwetu swali hilo halipiti bila jibu. Afadhali uache chungu kiungue. Ardith akageuza kichwa akasema Torvik. Yule mama akasema, Torvik, basi utakuwa unamjua Selmer Nygaard. Ardith akasema Selmer ni mtoto wa mjomba wake. Mama akasema mbona mke wa Selmer ni binamu yake kwa upande wa baba. Wakaanza kuufuata ukoo ule, nani kamzaa nani, nani kahamia wapi, yule aliyeoa Mkatoliki ikawaje, na muda wote huo mkono wa Ardith uko juu, unapunga wenyewe kama mkia wa ng'ombe: njoo, njoo, njoo.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Bomba likakatika kwenye shingo, kona ya karavani ikabonyea, kioo cha nyuma kikamwagika, na maji yakaruka juu kuliko miti. Kambi nzima ikasimama. Watu waliokuwa wakitazama kwa adabu sasa walikuja mbio, mwingine na taulo, mwingine na spana, mwingine na ushauri.

Verlyn akashuka. Akavua kofia, maji yanamnyeshea upara, akawa anaomba radhi kwa huyu na kwa huyu. Kisha akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Ni Ardith mwenyewe aliyesema hivyo. Alimtazama kama mtu anayetaka tu kujua kilichotokea. Na Ardith, mbele ya watu arobaini na yule binamu wa mke wa Selmer, akasema kwa sauti ya kusikika:

“Nilikwambia usimame! Nimekuonyesha mkono, hukuona?”

Verlyn akairudisha kofia kichwani.

“Basi nitakuwa sikukuona,” akasema, akaenda kusaidia kufunga maji.

Laiti ingeishia pale. Uongo wa ghafla, wa mtu aliyebanwa, Mungu anaujua na mwanadamu anaweza kuufunika. Lakini Jumanne iliyofuata Ardith alikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa na kina mama wanaoshona mablanketi ya viraka kwa ajili ya wakimbizi, na Marlys Quam, rafiki yake tangu shule ya msingi, alimwuliza safari ilikuwaje. Ulimi hauna mfupa. Ardith akasimulia. Akaonyesha jinsi alivyosimama na mkono umenyooka kama askari wa barabarani, jinsi Verlyn alivyozidi kuja tu, jinsi maji yalivyoruka, jinsi upara ulivyong'aa. Kina mama walicheka hadi Marlys akajichoma sindano. Tangu usichana wake Ardith alikuwa mtu wa nyuma ya jiko. Hakuzoea kuchekesha ukumbi. Aliipenda ladha yake. Jumanne ya pili wakamwomba arudie kwa ajili ya waliokosa, akarudia, na safari hii bomba likawa mabomba mawili.

Siku hiyo ya pili Verlyn alikuja kumchukua mapema kidogo. Alisimama kwenye ngazi, nusu juu nusu chini, akaisikiliza hadi mwisho. Walipomwona wakacheka zaidi. Naye akacheka. Akasema, “Mabomba yalikuwa matatu, moja ninalificha.” Njiani kurudi nyumbani hakusema kitu, lakini kwa kuwa kwa kawaida hakuwa msemaji, Ardith aliona ni sawa.

Kwa wanaume nako ikafika. Pale ghalani madereva wakawa, wakishamwaga mzigo, wanatia rivasi kidogo kwenye mizani na kuinua mkono dirishani: “Simama, Verlyn! Mama anasema simama!” Kwa watu wetu huo ni upendo, asiyependwa hataniwi. Verlyn alikuwa akitabasamu na kuandika uzito. Ila kabla Julai haijaisha aliipeleka karavani kwenye banda la Orrin, akasema itakuwa salama huko. Ardith akaona mumewe amekata tamaa. Hakumwuliza. Alimwambia Marlys kwamba ile nyumba ya magurudumu sasa itafugiwa kuku, na Marlys akacheka, na hilo nalo likasambaa.

Hayo yote ndiyo yaliyompanda usoni asubuhi ile mbele ya mchungaji.

Orrin alikuja mchana, akakaa kwenye kiti cha nduguye bila kujua, kisha akajua, akahamia kingine. Yeye ni mtu mnene mwenye sauti ya kushindana na trekta, lakini siku hiyo aliongea chini chini. Ardith akamwuliza kama alikuwa anajua. Alikuwa anajua. Kila Jumamosi Verlyn alikuwa akija kuifunga karavani, anakwenda nayo uwanja wa kanisa kwa kuwa ni mpana na Jumamosi asubuhi hakuna mtu, anapanga ndoo zake, anarudi nyuma, anatoka, anarudi nyuma, saa mbili nzima.

“Kwa nini hakuniambia?” Ardith akauliza.

Orrin akakuna shavu. “Shemeji, alitaka ajue kuingia peke yake, kwa vioo tu. Alisema mkifika Arizona hataki usimame tena huko nyuma mbele za watu. Alisema umeaibika vya kutosha kwa ajili yake.”

Ardith alishika ukingo wa meza. Akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama Verlyn aliwahi kumweleza jinsi ilivyokuwa siku ile ziwani.

“Alisema hakuuona mkono wako. Basi.”

Palikuwa na mwanya pale wa kusema ukweli, kwa mtu mmoja, jikoni, bila shahidi mwingine. Ardith akainuka akamkatia Orrin kipande cha keki. Alipomwekea sahani mbele yake mwanya ulikuwa umezibika.

Tangu hapo jambo moja tu lilimkaa moyoni, zito kuliko jeneza na nyimbo na nguo ya kuvaa: kwamba mumewe anakwenda kaburini na kosa ambalo si lake, na anayeweza kulivua ni yeye, na Jumatano wanazika. Alisali. Aliomba apewe ujasiri, na alipokwisha kuomba alijigundua anatumaini hautakuja. Kila Jumapili, maisha yake yote, aliungama pamoja na kanisa zima, sauti mia moja kwa pamoja, kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Ni kuungama kuzuri. Hakuna anayesikia kosa la jirani yake. Kuungama mtu peke yake hakuwahi kufundishwa, wala hakuwahi kumwona mtu wa Torvik akifanya hivyo.

Marlys alikuja Jumatatu na bakuli la nyama ya kusaga na viazi vilivyookwa, la kumi na moja kufika, akafungua friji, akapanga upya mabakuli ya wengine ili la kwake lipate nafasi. Alilia kidogo, akafuta macho, akaingia kwenye ratiba: nani ataoka, nani atakata nyama ya nguruwe ya mikate, kahawa birika ngapi. Kisha akasema kwamba kwenye sala ya Jumanne, watu watakaposimulia habari za marehemu, yeye atasimulia ile ya karavani.

“Watu wacheke kidogo, mwenzangu,” alisema. “Verlyn mwenyewe angeipenda.”

Ardith alikuwa akifunga bakuli kwa karatasi ya alumini. Aliendelea kulifunga, kona baada ya kona, likawa limefungwa mara mbili. Marlys akachukua ukimya ule kuwa ndiyo, na ilikuwa ndiyo.

Sala ya Jumanne ilianza saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu. Jeneza lilikuwa wazi mbele ya kanisa, na Verlyn amevaa suti aliyomwozeshea Renae. Watu walipanga mstari hadi nje mlangoni; wakulima waliosimamisha matrekta yao walikuja na nywele zilizochanwa kwa maji. Baada ya sala mchungaji akakaribisha wenye maneno. Meneja wa ghala akasema kwamba katika miaka arobaini na moja mizani ya Verlyn haikubishaniwa. Renae, aliyefika asubuhi kwa ndege, akajaribu kusema akashindwa. Ndipo Marlys akasimama.

Aliisimulia vizuri kuliko Ardith. Alinyoosha mkono kama askari, akaiga uso wa Verlyn kwenye kioo, akaruka kama maji. Kanisa likacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wenye uchungu waliopewa ruhusa ya kupumua, na kilienda hadi kwenye viti vya nyuma kikarudi. Hata mchungaji alifunika mdomo.

Na Ardith alicheka. Alisikia sauti yake mwenyewe miongoni mwa zile nyingine, kicheko kilekile cha ukumbi wa chini, kimezoea njia yake. Alikuwa hatua nne kutoka kwenye jeneza lililo wazi. Aligeuka, akamwona Orrin upande wa pili wa Renae hacheki, anatazama viatu vyake. Kicheko cha Ardith kikakatika, akainamisha kichwa. Watu wakamshika mabega, wakadhani sasa ndiyo uchungu umemjia, wakasema mwacheni alie. Aliondoka pale amesindikizwa na wanawake wawili kama malkia, na hakuna siku aliyojiona mdogo kama ile.

Jumatano ibada ilianza saa nne na nusu. Jeneza lilifungwa kabla ya watu kuingia, familia peke yake ikiwepo. Ardith aliweka mkono juu ya mkono wa Verlyn, uliokuwa baridi na umepakwa poda, akamnong'oneza kwamba alikuwa anaongea siku ile, hakuwa anatazama. Ni kitu, lakini hakikutosha. Verlyn alikuwa anakijua tangu Julai. Wasiokijua walikuwa nje wanasubiri mlango ufunguliwe.

Baada ya ibada wakalibeba jeneza kwa miguu, kwa kuwa makaburi yetu yako nyuma ya kanisa, upande wa kaskazini. Wabebaji walikuwa sita, wote wa ghalani. Palikuwa na upepo ule wa Septemba unaotoka mashambani na vumbi la mahindi. Mchungaji Boe akasoma, akasali, akainama kuchukua udongo. Hapo Ardith akamshika mkono wa joho.

“Mchungaji, ngoja,” alisema. “Nina neno.”

Wajane wetu hawasemi kaburini. Mchungaji alisita, kisha akarudi nyuma hatua moja. Ardith hakujua akae vipi. Mwishowe alisimama kama alivyosimama, begi lake dogo mbele ya tumbo.

“Siku ile ziwani Verlyn hakukosea,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa nampungia aje, na sikuwa natazama. Nilikuwa napiga soga. Sikumwambia asimame. Nilisema nilimwambia, na nikawasimulia nyie hivyo kiangazi chote, mkamcheka. Nilidanganya. Na yeye alijua, akaninyamazia.”

Upepo ulichukua nusu ya maneno. Huko nyuma mzee mmoja mwenye kifaa cha masikio akauliza jirani yake, kwa sauti ya viziwi, kasema nini. Jirani akasema hakusikia vizuri, kitu cha ziwani. Ikawa manong'ono, mmoja anamwuliza mwingine. Ardith alifungua kinywa arudie, sauti ikamwishia. Akamtazama Orrin.

Orrin alijua anaombwa nini, na hakukitaka. Akavuta pumzi, akageukia watu.

“Anasema ni yeye!” akaita, kwa ile sauti yake ya trekta. “Lile bomba! Verlyn hakukosea! Anasema alidanganya!”

Ikasikika hadi barabarani. Watu wetu wanajua kupokea msiba, wanajua kupokea mtoto mchanga na mavuno mabaya. Kwa jambo kama hili hawana bakuli la kuleta. Mtu akakohoa. Meneja wa ghala akavaa kofia, akakumbuka yuko wapi, akaivua. Marlys alikuwa mwekundu hadi shingoni, kwa kuwa jana yake tu aliruka kama maji mbele ya jeneza, na alimtazama Ardith kwa macho ya mtu aliyeazimwa nguo iliyoibwa. Renae alimshika mama yake kiwiko, lakini bila upole. Ardith hakuona mzigo ukimwondoka kama alivyowahi kusikia mahubirini. Aibu ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa imekaa kwa mwenyewe.

Mchungaji alingoja kidogo, asije akamkatiza kama bado ana neno. Alipoona hana, alisema, “Asante, Ardith,” kisha akachukua udongo na kuendelea pale alipoishia.

Walisali Baba Yetu. Waliimba wimbo mmoja, na sauti ya nne ilipwaya. Kwa desturi watu huondoka jeneza likiwa bado juu ya kaburi, lakini Ardith aliomba lishushwe akiwepo, na vijana wa makaburi wakalishusha kwa kamba mbili, polepole, likakaa sawa chini. Renae akatupa udongo, akafuata Orrin, wakafuata wa ghalani mmoja mmoja. Marlys alikuja wa mwisho. Alitupa udongo wake, akapita mbele ya Ardith bila kusema, akateremka kwenda kutazama kahawa.

Ardith ndiye aliyebaki hadi vijana walipomaliza kujaza, kama nusu saa. Orrin alibaki naye, amesimama upande wa upepo. Kisha wakashuka ukumbini, ambako watu walikuwa wameshaanza kula, na walipoingia, waliokaa walisogea wakawapa nafasi ya kukaa. Verlyn Tollefsrud amelala karibu na wazazi wake, safu ya tatu kutoka uzio, na Bwana amjalie pumziko la amani.